Lisemwalo Kibarazani Lina Bei Yake

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yuko kijana anayecheza kandanda, au yuko mume ambaye Jumapili hawezi kumaliza chai yake kabla hajajua nani kasajiliwa na nani kaachwa, basi mazungumzo ya leo yanakuhusu, hata kama wewe mwenyewe hujapata kukanyaga uwanja wa Mkwakwani. Nataka tuzungumze juu ya tetesi za usajili. Usidhani kwamba hayo ni maneno ya kupitishia jioni tu, yanayokunywewa kahawa na kashata kisha yakasahauliwa. Tetesi ni sehemu ya biashara, kama mizani ilivyo sehemu ya biashara ya nazi. Na katika biashara hiyo mali yenyewe ni mtoto wa mtu.

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika soko la wachezaji methali hii hutumiwa kwa namna ambayo wahenga hawakuikusudia. Huko jambo husemwa makusudi ili lije, au husemwa ili jingine lisije, na mara nyingi msemaji wa kwanza ndiye mwenye kunufaika.

Kwa kuwa vijana wetu wa Ngamiani na Chumbageni wanazijua habari za Manchester United pengine kuliko wanavyozijua habari za halmashauri yao, nianzie huko. Klabu hiyo ilinunuliwa mwaka 2005 na familia ya Glazer ya Marekani. Sehemu kubwa ya fedha zilizotumika ilikuwa ya kukopa, na deni likatwikwa klabu yenyewe. Mnamo Novemba 2022 wenye klabu wakatangaza kwamba wanatafakari kuiuza au kutafuta mtaji mpya. Tangu siku hiyo hadi Oktoba 2023, alipojitoa Sheikh Jassim wa Qatar, hapakupita juma bila kuandikwa kwamba fulani kaongeza dau, fulani kakata tamaa, au biashara itafungwa kesho. Hatimaye Sir Jim Ratcliffe, tajiri wa Kiingereza, akapata kiasi cha zaidi ya robo ya hisa, na jambo hilo likakamilika Februari 2024.

Sasa tazama kilichotokea katikati. Hisa za klabu hiyo huuzwa katika soko la New York tangu mwaka 2012, kwa hiyo bei yake yaonekana kila siku kwa kila mtu. Mwanzoni mwa Septemba 2023 gazeti moja la Uingereza liliandika kwamba wenye klabu wameghairi kuuza. Soko lilipofunguliwa baada ya mapumziko, hisa zikaanguka kwa karibu asilimia 18 kwa siku moja. Hakuna goli lililofungwa siku hiyo, hakuna mchezaji aliyevunjika mguu, wala hakuna karatasi iliyotiwa saini. Ilikuwa ni habari iliyoandikwa gazetini, na watu wakapoteza mamilioni ya dola huku wengine, bila shaka, wakinunua kwa bei ya chini.

Kwetu Tanga hatuna soko la hisa Barabara ya 11, mahali walipo Coastal Union, wala Barabara ya 12, mahali walipo jirani zao African Sports. Lakini bei hupanda na kushuka vivyo hivyo, kwa neno la kibarazani. Tofauti ni kwamba kwa wenzetu bei hiyo huandikwa ubaoni, na kwetu huandikwa katika kichwa cha kiongozi mmoja na moyoni mwa mama mmoja.

Hebu tuufuatilie uvumi unavyozaliwa. Mchezaji anakaribia miezi ya mwisho ya mkataba wake. Ghafla yasemekana ameonekana Dar es Salaam, ameshuka katika gari la kiongozi wa klabu kubwa. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia wakala wake ndiye aliyempigia simu mwandishi, ili klabu yake iogope na kuongeza mshahara. Au klabu yenyewe ndiyo iliyosema, kwa sababu mnunuzi ni mmoja na bei haipandi mpaka wawe wawili, na wa pili akikosekana basi hutengenezwa kwa maneno. Au ni klabu kubwa inayotaka kijana achanganyikiwe, acheze vibaya mechi mbili tatu, kisha apatikane kwa bei ya karanga. Wako pia viongozi wanaokaribia uchaguzi, ambao kwao jina la mchezaji maarufu ni kama kanga ya kampeni: hugawiwa bure, na baada ya kura hakuna anayeuliza. Na sisi wenye kalamu tusijitoe. Gazeti lenye picha ya mchezaji anayehama huuzwa upesi kuliko lenye bei ya mkonge.

Hayo si mageni. Katika miaka ile ambayo kandanda letu lilikuwa la ridhaa, mchezaji hakuuzwa kwa fedha iliyotajwa hadharani. Alihamishwa kwa kazi. Mashirika na viwanda vilikuwa na timu, ndiyo maana tulikuwa na Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara na Pamba ya Mwanza, na kijana mwenye mguu mzuri aliitwa akapewa ajira, pengine na chumba cha kulala. Uvumi wa enzi hizo ulikuwa juu ya barua ya kazi, na juu ya kijana aliyefichwa nyumbani kwa mfadhili mpaka fomu zipelekwe. Tuliocheka habari hizo hatukufahamu kwamba barua ile ilikuwa na faida moja kubwa: mguu ukivunjika, kazi ilibaki. Kijana wa leo ana mkataba wa kucheza tu, na mguu ukivunjika hubaki na yale yaliyoandikwa katika mkataba huo, kama aliyasoma.

Coastal ilipotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988, Wagosi wa Kaya waliamini kwamba mji huu ungeweza kushindana na Dar es Salaam mwaka baada ya mwaka. Haikuwa hivyo. Tanga imeendelea kuwa shamba, na soko liko kwingine. Mwaka 2020 beki Bakari Mwamnyeto aliondoka Coastal akaenda Yanga, na huko akafikia kuwa nahodha. Septemba 2022 hata mwalimu, Juma Mgunda, aliyekuwa mchezaji wa kikosi kile cha 1988, alichukuliwa na Simba msimu ukiwa umeshaanza. Mimi silaumu, mwenye uwezo hutafuta kilicho bora, na kijana anayo haki ya kula jasho lake mahali linapolipwa vizuri. Swali langu ni nini kinachobaki nyuma baada ya kuondoka kwake.

Chukua mfano wa Abdul Suleiman, ambaye wengi humwita Sopu. Tarehe 2 Julai 2022, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid mjini Arusha, Coastal ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga. Mchezo ukamalizika kwa mabao 3 kwa 3, na mabao yote matatu ya Coastal aliyafunga yeye. Yanga walichukua kombe kwa mikwaju ya penalti. Jioni ile, ndugu msomaji, kila kibaraza kuanzia Pangani hadi Horohoro kilikuwa tayari kimekwisha kumhamisha: huku Yanga, kule Simba. Siku chache baadaye alitangazwa na Azam. Wale waliokuwa wameapa kwamba wanajua walinyamaza siku moja, kisha wakaanza jina jingine. Mvumishaji hana hasara, hakuna anayemdai.

Lakini kisa kilichotufunza zaidi ni cha Lameck Lawi. Msimu wa 2023/24 Coastal ilimaliza ya nne katika ligi, ikapata nafasi ya kucheza mashindano ya Afrika, jambo lililokuwa limesahaulika Tanga kwa miaka mingi. Beki huyu kijana alikuwa mmoja wa nguzo. Mnamo Juni 2024 Simba wakamtangaza kuwa ni wao, na picha zikatolewa. Coastal nao wakatoa taarifa kwamba biashara hiyo haipo, kwa kuwa masharti ya malipo hayakutimizwa kwa wakati uliokubaliwa. Shauri likafikishwa mbele ya shirikisho la kandanda la nchi, TFF, na katikati ya mvutano huo kijana akaripotiwa yuko Ubelgiji kwa majaribio. Msimu uliofuata ukaanza, naye akaonekana bado amevaa jezi ya Coastal.

Watu walibishana sana juu ya nani mwenye haki kati ya klabu mbili, na mimi sitaki kuwarudisha huko. Nataka ufikirie jambo dogo. Kwa majuma kadhaa kijana yule alikuwa na waajiri wawili hadharani, na ilikuwa vigumu kwake kuvaa jezi ya mmoja bila kuitwa msaliti na wa pili. Klabu ina wanasheria na wasemaji. Kijana ana simu yake, na wazazi ambao kila wakipita sokoni wanaulizwa wao ni Simba au Coastal. Ugomvi wote ulitokana na tarehe na malipo, yaani mistari michache katika karatasi. Hapakuwa na uvumi hapo. Palikuwa na mkataba. Ila uvumi ulikuwa umetangulia mbele ya mkataba, ukaujengea watu matumaini kabla fedha hazijahesabiwa.

Kisa kingine kilichoingia majumbani ni kile cha Feisal Salum wa Zanzibar. Desemba 2022 alitaka kuvunja mkataba wake na Yanga, akarejesha shilingi milioni 112 akiamini kwamba ndiyo njia iliyoandikwa. TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Ikawa miezi ya kukaa bila kucheza, mama yake mzazi akajitokeza kumsemea mbele ya taifa, hata Rais akaiomba klabu imalize jambo hilo, na Juni 2023 kijana akaenda Azam. Waliokuwa wakimcheka mama yule nawasihi wajiulize ni nani mwingine angemsemea mtoto wao.

Basi tuingie katika yale ambayo baba na mama wanapaswa kuyajua. Sheria za FIFA zasema mkataba wa mchezaji wa kulipwa hauzidi miaka mitano, na kwa kijana aliye chini ya miaka 18 hauzidi mitatu. Mkataba ukibakiwa na miezi sita au pungufu, mchezaji ana ruhusa ya kuzungumza na klabu nyingine na kukubaliana nayo. Hapo ndipo tetesi huchipua kama uyoga baada ya mvua, kwa maana mkataba ukiisha mchezaji huondoka bila klabu yake kupata senti ya mauzo. Haki hiyo ya kuondoka huru ilithibitishwa huko Ulaya na shauri la Mbelgiji Jean-Marc Bosman mwaka 1995. Kabla ya hapo klabu ziliweza kumshikilia mtu hata mkataba ukiwa umekwisha. Na kule Uingereza, ambako leo tunasikia mishahara ya kutisha, hadi mwaka 1961 mchezaji alikuwa amewekewa ukomo wa pauni 20 kwa juma. Kwa hiyo usishangae mchezaji anaposita kuongeza mkataba. Kusita kwake ndiyo nguvu pekee aliyo nayo.

Yako mapatano mengine yasiyopelekwa TFF. Nayo ni yale ya mfadhili wa mtaani. Huyu humnunulia kijana viatu, humlipia nauli, pengine huleta na gunia la mchele siku ya Idi, kisha siku moja huja na karatasi: kijana akiuzwa, nusu ni yangu. Mzazi kwa kuona haya hutia dole gumba. Waingereza walikwisha kuonja uchungu wa jambo la namna hii. Mwaka 2006 klabu ya West Ham iliwapata Carlos Tevez na Javier Mascherano, wachezaji wa Argentina, na baadaye ikafahamika kwamba watu wa nje ya klabu walikuwa na haki juu yao. West Ham ikatozwa faini ya pauni milioni 5 na nusu mwaka 2007. Tangu Mei 2015 FIFA imepiga marufuku mtu wa nje kumiliki sehemu ya mauzo ya mchezaji. Kwa hiyo karatasi ile ya mfadhili haina uzito katika kandanda, japo ina uzito mkubwa katika ujirani, na mimi najua ilivyo vigumu kumwambia hapana mtu aliyekulishia mwanao. Mshukuru. Mpe heshima yake. Saini usimpe.

Lipo fungu halali la walezi, na hili ndilo linalonisikitisha zaidi kwa upande wetu wa pwani, kwa kuwa tunalipoteza bila kujua. Mchezaji anapouzwa kwenda klabu ya nchi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya fedha za mauzo hutengwa kwa ajili ya klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kwa kila mwaka wa malezi kati ya 12 na 15 klabu hupata robo ya asilimia moja. Kwa kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 hupata nusu ya asilimia. Haionekani kuwa kitu. Lakini hesabu pamoja nami: kijana aliyecheza katika klabu ndogo ya Muheza akiwa na miaka 16 na 17, akaja kuuzwa Ulaya kwa dola milioni moja, amewaachia walimu wake wa Muheza dola 10,000. Na kila akiuzwa tena, fungu linarudi tena.

Mbwana Samatta alitoka Dar es Salaam akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akaenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016, akaenda Aston Villa ya Uingereza Januari 2020, na Machi 1 mwaka huo akaifungia Villa bao katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini kila hatua ya safari kama ile ni karatasi, na katika kila karatasi huulizwa: huyu alikuwa wapi akiwa na miaka kumi na miwili? Kumi na mitano? Alisajiliwa na nani? FIFA imeunda chombo maalumu cha kugawa fungu hilo, chenye makao yake mjini Paris, kilichoanza kazi Novemba 2022, na chombo hicho hutazama kumbukumbu za usajili zilizo katika mitambo. Hakimjui mwalimu aliyekuwa akiwakusanya watoto kiwanjani kila alasiri. Hakiulizi nani alinunua mpira. Kinasoma jina lililoandikwa, tarehe iliyoandikwa, na klabu iliyosajiliwa. Pasipoandikwa kitu, hapana kitu.

Na hapa ndipo klabu zetu za mitaani hujidhulumu zenyewe. Kijana hucheza miaka minne kwa jina la utani, tarehe ya kuzaliwa hupunguzwa ili aingie mashindano ya watoto, kisha huongezwa ili aingie ya wakubwa. Siku ya mauzo yule kijana wa kwenye karatasi si yule aliyelelewa Tanga. Umri wa uongo tuliuchekea kwa kuwa ulituletea kombe la mbuzi. Kumbe ulikuwa unatufutia haki yetu kidogo kidogo. Mwenye daftari la klabu, alitunze kama daftari la mirathi.

Nimalizie kwa jambo ambalo mama mmoja wa Korogwe aliniuliza. Mwanawe ana miaka 16, na bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa amemfuata akidai kuwa ni wakala, ana klabu ya Uarabuni inayomtaka, ila apewe kwanza fedha ya pasi na viza. Mama, kwanza fahamu kwamba FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhama nchi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi wake kuhamia huko kwa mambo yasiyohusu kandanda. Pili, leseni za mawakala ziliondolewa mwaka 2015 zikarudishwa mwaka 2023, na sasa wakala hufanya mtihani. Majina ya waliofaulu na kupewa leseni yanaweza kutazamwa na mtu yeyote katika orodha ya FIFA. Kijana wa shule anayejua kutumia simu atakutafutia jina la bwana huyo kabla chai haijapoa. Tena wakala wa kweli hawezi kumwakilisha mtoto bila idhini yako ya maandishi, naye hulipwa kutokana na kazi yake, halipwi kwanza na mama. Kama jina lake halimo, mwambie arudi mwanao akitimiza miaka kumi na minane, na fedha ya pasi mnunulie kijana madaftari na viatu vya mpira. Cheti chake cha kuzaliwa ukiweke wewe mwenyewe, wala usimkabidhi mtu hata kwa siku moja.